Taa za Nyuma

Motokari ya misioni yetu ina sanduku la mbao nyuma, na taa zake za nyuma zilivunjika siku nyingi. Usiku mmoja tulirudi na watoto wa kwaya; kamioni ikaja nyuma yetu mbio, ikatukwepa kwa shida. Dereva alisema ameona kanzu nyeupe tu.

Basi tukanunua kwa fundi mmoja taa za Volkswagen ya zamani, ambayo umeme wake ni volti 6. Betri yetu ni ya volti 12. Tukabadili ampuli, maana zile za 6 zingeungua mara. Tukazikaza taa juu ya mbao, tukaunga nyaya. Giza. Tukamwandikia fundi barua kali, kwamba ametuuzia vitu vibovu. (Barua tuliitengeneza vizuri kuliko taa.)

Kijana mmoja, mtengeneza baiskeli, akatuuliza: «Mwalimu, umeme unarudi kwa njia gani?» Katika gari la chuma, mwili wenyewe huurudisha kwenye betri. Mbao haziwezi. Hata vigari vya mchanga vya Marekani, kama alivyoanza kuvitengeneza Bruce Meyers mwaka 1964 kwa plastiki yenye nyuzi za kioo, lazima vipewe waya wa kurudisha umeme. Tukakwangua kutu ya chasi, tukafunga waya kutoka kila taa. Zikawaka nyekundu, watoto wakapiga vigelegele.

Ikabaki ile barua. Tulikwenda kwa fundi kwa miguu. Tulimkuta anakula, akasogeza sahani, akatuambia tunawe kwanza.