Posa ya Pili

Wahenga walinena kwamba maji yakimwagika hayazoleki, na tena kwamba mtupa jongoo hutupa na mti wake. Methali hizi husemwa mno pale inapodokezwa kuwa mtalaka fulani ataka kumrudia mwenziwe. Hatuzibezi. Lakini desturi za watu hazikai ndani ya methali peke yake, na katika miji midogo ya mwambao wetu imekuwapo siku zote njia ya kuyazoa maji hayo, njia yenye masharti yake, mashahidi wake na heshima yake. Twapenda kusema machache juu ya njia hiyo, kwa kuwa vijana wetu mashuleni husoma hadithi nyingi za mapenzi ya kijana na mwari, zikomazo siku ya harusi au siku ya msiba. Mapenzi ya watu wazima waliokwisha kuachana hawayasomi, ingawa huenda baadhi yao wamelelewa ndani yake.

Yafaa kwanza kutenga mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Mume wa Kiislamu akimwacha mkewe talaka moja au mbili, mke hukaa eda. Kwa mwenye kuona siku zake muda huo ni kama miezi mitatu. Mwenye mimba hungoja mpaka ajifungue. Ndani ya eda mume aweza kumrejea mkewe kwa tamko tu, bila posa wala mahari wala akdi mpya. Hiyo ndiyo iitwayo talaka rejea, na ufunguo wake umo mkononi mwa mume. Eda ikiisha, mambo hugeuka. Mwanamke amekwisha kuwa mtu mbali, na yule aliyekuwa mumewe akimtaka hana budi kumposa upya kama mgeni, atoe mahari mapya, na akdi ifungwe mbele ya walii na mashahidi. (Talaka zikitimia tatu ni habari nyingine, wala hatuiingii hapa.)

Tena, katika madhehebu ya Shafii yafuatwayo na wengi wa Waislamu wa pwani, mwari akiulizwa juu ya posa na akanyamaza, kimya chake huhesabiwa kuwa ridhaa. Mwanamke aliyekwisha kuolewa hachukuliwi hivyo. Huyo sharti anene kwa ulimi wake. Kwa hiyo kwa wengi wa mama zetu posa ya pili ndiyo iliyokuwa mara ya kwanza kuulizwa swali na kungojwa jibu. Wasemao kwamba ndoa ya kurudiana ni kiporo kilichopashwa moto hawajalitazama jambo hili vema.

Sisi tuliokulia Pangani tuliliona likitendeka. Pangani ni mji mdogo kusini ya Tanga, ulioko mahali mto utokao Kilimanjaro na Meru unapoingia baharini. Ng'ambo ya mto ni Bweni. Katika mji kama huo hakuna awezaye kumkwepa mtalaka wake. Atakutana naye sokoni, msibani au kivukoni, na kila wakikutana watu wataacha mazungumzo yao ili watazame nani atamsalimu mwenziwe kwanza.

Palikuwa na seremala aliyeoa mwaka 1969. Wakati ule mkonge, ambao nchi ilivuna tani zipatazo 230,000 mwaka 1964, ulikuwa umeanguka bei kwa ajili ya nyuzi za viwandani, na riziki ya mafundi waliotegemea mashamba ikapungua. Akaenda Dar es Salaam kutafuta kazi. Fedha alizotuma zilikuwa chache, maneno ya watu yakawa mengi, na mwaka 1973 ikaja barua yenye talaka moja. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilikwisha kuagiza kwamba magomvi ya namna hiyo yapelekwe kwanza mbele ya baraza la usuluhishi. Barua ile haikupita baraza lolote. Mkewe hakujua kusoma. Alisomewa na mtoto wa jirani, aliyeisoma kwa sauti ya darasani, na waliokuwa uani wakasikia wote. Akavuka kwenda Bweni kwa mamaye pamoja na binti yake mchanga, akakaa eda, kisha akaanza kukaanga vitumbua.

Miaka ile ndiyo kampeni ya kisomo cha watu wazima ilipoenea nchini. Mama yule alihudhuria jioni, mikono ikinuka iliki, na hakukosa darasa ila siku za homa.

Bwana alirudi mwaka 1982, mvi zimekwisha kuingia. Hakuwa ameoa tena. Alikaa miezi kadhaa akitengeneza vitanda, ndipo akamtuma mshenga, mzee wa makamo ya baba zetu. Kaka wa mwanamke alikataa hapo hapo: aliyekuacha kwa karatasi, alisema, atakuacha kwa upepo. Maneno hayo yalikuwa na haki yake. Mama wa watu alikuwa na jiko lake, wateja wake na usingizi wake. Akikosea, mji ungemcheka mara mbili, na binti yake angeyasikia kisimani.

Mshenga akavuka mwenyewe.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Nimetumwa, nawe wajua."

"Najua. Mwambie aliniacha kwa barua niliyosomewa na mtoto. Akinitaka, aniandikie nyingine, nami nitaisoma mwenyewe. Na tena, mimi nilikaa eda kwa talaka yake. Sasa na yeye akae eda yangu, miezi mitatu, kisha nitamjibu."

Barua ililetwa. Yaliyoandikwa humo hatukuyajua, wala hatukustahili kuyajua, ijapokuwa mji mzima ulijaribu kuyabuni. Kwa miezi mitatu bwana alivuka kila Ijumaa baada ya sala, akaketi barazani, akamwamkia aliyekuwa mkwewe, akanywa maji aliyoletewa na binti yake, akaondoka kabla ya alasiri bila kupiga hodi ndani. Mwanzoni watu walicheka kivukoni. Ijumaa ya nne au ya tano hakuna aliyecheka tena, na mwenye mtumbwi akaacha kumtoza nauli. Hata kaka mtu alionekana siku moja akisogeza kiti kivulini.

Miezi ilipotimia mama alituma neno kwamba posa imekubaliwa, ila yeye havuki mto. Atakayeoa ahamie Bweni na randa zake. Naye akahamia.

Mwaka ule, baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, sukari ilikuwa adimu madukani, na harusi bila halua haijakaa sawa. Sukari ikachangwa nyumba kwa nyumba, huku kikombe, huku nusu kikombe, nyingine kutoka kwa wale wale waliosikia barua ya kwanza ikisomwa. Hapakuwa na ngoma. Palikuwa na ubani, vikuba vya asumini, na mikeka iliyotandikwa barazani. Shehe alipotaka kuisikia ridhaa kabla ya kufunga akdi, sauti ilitoka nyuma ya pazia, ikasikika mpaka njiani: "Nimeridhika, na mahari yangu nimeyahesabu."

Wazee wakacheka, kaka mtu akampa shehe mkono, na halua ikagawanywa vipande vidogo mno ili kila mtu apate.