Jazi ya New York Yatua Masumbwe

Ukitoka Kahama kuelekea Ushirombo, Masumbwe utaijua tu hata konda asipotangaza. Malori ya Rwanda na Burundi yamejipanga pembeni ya lami, moshi wa nyama choma unaingia dirishani, na kila baa ina spika inayoshindana na ya jirani. Zamani tuliihesabu Shinyanga. Tangu 2012 iko Mkoa wa Geita. Wachimbaji wadogo wakishauza dhahabu, usiku huo kulala mapema ni mwiko!

Sasa msomaji wangu, hapo ndipo nilipoamua kuijaribu jazi ya Wamarekani. Nilikuwa nayo kwenye simu, nikambembeleza DJ wa baa moja aiunganishe kabla wateja hawajajaa. Albamu yenyewe ni Sunday at the Village Vanguard ya mpiga piano Bill Evans, iliyorekodiwa laivu Jumapili ya Juni 25, 1961, kwenye klabu iliyoko chini ya ardhi jijini New York.

Haikupita dakika, mzee wa meza ya pili akadakia: "Kijana, jazi gani hii haina gitaa?"

Hajakosea. Kwetu jazi ni Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, ni Tabora Jazz, ni Western Jazz: magitaa yanalia na watu wanasakata dansi mpaka majogoo. Evans ana piano, besi na dramu, basi. Ukisimama kumcheza wataona umelewa.

"Shikamoo mzee," nikamwambia, "hebu sikiliza nyuma ya piano."

Glasi zinagongana. Watu wanapiga stori, mwingine anacheka. Wanamuziki wako kazini, wateja wana yao. Mzee akatega sikio, akacheka: "Kumbe na Ulaya wana kelele!"

Nikampa na kisa chake. Mpiga besi, Scott LaFaro, alikuwa na miaka 25. Julai 6, siku 11 tu baada ya Jumapili ile, akafa kwa ajali ya gari. Watatu hao hawakurekodi tena pamoja. Mzee akanyamaza, halafu akasema taratibu kwamba hata Mbaraka barabara ndiyo ilimchukua, Januari 1979, Mombasa.

Hapo ndipo roho inaponiuma. Mbaraka tunaye kwenye santuri, lakini nyimbo nyingi za bendi zetu zilirekodiwa studio, kama ile ya Radio Tanzania, bila mteja wala glasi. Mikesha ya ukumbini, shabiki anaitikia na mwingine anatunza noti, mingi imekwenda na waliokuwepo. Na siku hizi kila mfuko una simu yenye kinasa sauti, jamani!

Kwa hiyo ukipita Masumbwe ukakuta bendi jukwaani, bonyeza kwanza, bia utaagiza baadaye. Na wapiga kelele usiwanyamazishe.