Matanga Bila Disko

Wahenga walisema, mchelea mwana kulia hulia yeye. Maana ya methali hii niliijua siku alipofariki hawe, yaani nyanya yetu mzaa baba.

Kwetu ni kijijini, nje kidogo ya mji wa Malindi. Sisi Wagiriama tuna mila ya kuomboleza kwa ngoma ya kifudu, na mnazi haukosekani. Hata mahari haizungumzwi bila kadzama ya mnazi. Lakini mnazi huo ulikuwa wa wazee. Siku hizi kuna disko matanga. Mwenye msiba hukodi muziki, vijana hutozwa kiingilio usiku kucha, ndipo jeneza na chakula vipatikane. Kule gizani bangi huuzwa, na ndiko kaka yangu alikoonjeshwa unga, yaani heroini. Alikuwa kidato cha pili. Nyumbani redio ikatoweka, kisha kuku, kisha sare yangu ya shule.

Chifu alipiga disko marufuku mara nyingi, lakini wapi! Marufuku hayanunui jeneza. Akina mama wa kijiji ndio waliolitambua hilo. Waliwaita wazee chini ya mwembe, wakapatana: msiba ukitokea, kila nyumba itoe shilingi 100 na kilo moja ya unga. Unga wa sima, msomaji, si ule mwingine! Kifudu kichezwe mchana, na jua likizama watoto warudi makwao.

Hawe alikuwa wa kwanza kufa baada ya mapatano hayo. Baba akasema, "Shilingi mia mia hazizikii mtu. Tupige disko hii moja tu, basi."

Mama akanyamaza. Mimi nikajikuta nimesema, "Baba, kaka alipotea katika matanga ya nani?"

Nilidhani atanichapa. Alitoka nje, akakaa huko kitambo. Jioni akina mama wakaanza kuingia mmoja mmoja na vikapu vyao. Pesa hazikutosha, nisidanganye. Baba aliuza mbuzi wawili. Lakini disko haikupigwa, na usiku ule tulimlilia hawe tukasikizana.

Kaka sasa huenda hospitali mjini Malindi kunywa methadoni mbele ya muuguzi. Huduma hiyo ilianza huko mwaka wa 2015. Dawa ni ya kila siku, lakini kuna siku haendi, na mama halali. Sijui kama atapona. Ila mdogo wetu wa Gredi ya Saba hajawahi kuona disko matanga kijijini kwetu, na hilo si dogo.

Wanafunzi wenzangu, ukialikwa disko ya matanga, uliza jeneza limepungukiwa na shilingi ngapi. Toa ulicho nacho, kisha nenda ukalale. Haba na haba hujaza kibaba.