Pole ya Muuguzi

Usiku mmoja nilimpeleka mama yangu, aliyeshikwa na pumu, katika chumba cha dharura. Muuguzi mmoja alihudumia vitanda saba, na penye kila kitanda alisema, "Pole, mama," au, "Pole, baba." Mara daktari alimkemea mbele yetu kwa dawa iliyochelewa. Nami, kwa hofu ya mwana, niliongeza ukali wangu juu ya ule wa daktari. Muuguzi hakujibu. Mikono yake iliendelea na kazi kwa ustadi ule ule, lakini neno "pole" halikusikika tena.

Mwaka 1974 Herbert Freudenberger, mtaalamu wa nafsi wa New York, alieleza uchovu unaowaunguza watu wa kazi kama hii. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliuhesabu kuwa ni zao la kazi, wala si ugonjwa. Na dalili yake moja ni moyo kujitenga na kazi yenyewe. Naam, kujitenga huko huanza kidogo kidogo, kwa kemeo moja baada ya jingine.

Karibu na alfajiri daktari, aliyekesha kama sisi, alimletea muuguzi kikombe cha chai. "Pole, dada," alisema. "Nilikukosea." Muuguzi alikunywa, kisha akamwinamia mama yangu: "Pole, mama. Kifua kimefunguka?"

Nafundisha lugha yenye neno hili tamu, na usiku ule nilikuwa wa mwisho kulitumia. Nilimwambia muuguzi mlangoni, tulipokuwa tukiondoka.