Pono wa Kijani na Pono wa Kahawia

Zamani, malema yalipopinduliwa mchangani na samaki wakamwagika wakirukaruka, hakuna aliyeuliza pono watengwe vipi: yule wa kijani kibichi, mwenye mdomo wa buluu na magamba mapana yaliyong'aa kama leso mpya, aliwekwa huku apande mnadani, na yule wa rangi ya udongo akatupwa kule kwenye pakacha, nasi watoto tuliotumwa kitoweo tukarudi nyumbani mbio kabla jua halijailegeza ile nyama yake laini, maana barafu haikuwepo, na pono hangoji. Tuliwahesabu kuwa samaki wawili.

Ni mmoja.

Wasomi nao waliwatenga kwa rangi. Tangu maandishi ya msomi Forsskål kuhusu samaki wa Bahari ya Shamu yachapishwe mwaka 1775, ukoo wa pono ulirundikiwa majina ya kisayansi zaidi ya 350, na leo zinatambuliwa spishi 100 hivi. Mengi ya majina hayo yalikuwa ya jike na dume wa spishi ileile. Kwa kawaida pono huanza maisha wakiwa majike wa kahawia, kisha wakishakua baadhi yao hugeuka madume na kuvaa kijani.

Vinasaba vilipoanza kusomwa, ukoo ulipanguliwa tena. *Chlorurus sordidus*, aliyedhaniwa kuwa samaki mmoja kutoka pwani yetu hadi Hawaii, sasa amebaki wa Bahari ya Hindi, na yule wa Pasifiki, ingawa wanafanana, anaitwa *Chlorurus spilurus*. Tena imebainika kwamba pono wote ni tawi la ukoo mmoja na kale kasamaki kembamba kanakoingia kinywani mwa chewa kumsafisha. Na sisi tulimsifu pono kwa usingizi tu!

Siku hizi barafu ipo, na samaki hufika mjini akiwa mzima. Hilo silibezi; nakumbuka vizuri harufu ya mapakacha ya saa nane mchana. Ila yule wa kijani, mnene wa kubebwa kwa mikono miwili, haonekani ovyo. Wanaojaa ni wadogo wa kahawia, ambao mama karanga huwakaanga na kuwapanga kwenye sinia kabla ya magharibi.

Pwani ya Kenya yamejaribiwa malema yenye mwanya wa kutokea samaki wadogo. Kwa mama karanga, ambaye mtaji wake ndio hao wadogo, mwanya ule ni hasara ya leo leo, na huwezi kumlaumu. Lakini sasa tunajua kile ambacho wazee wetu hawakuwa na njia ya kukijua: anayemtaka pono wa kijani hana budi kumwacha wa kahawia akue.