Kericho, Inakotoka Chai Yetu

Malori ya chai hupita Changamwe usiku na mchana, yakiteremsha magunia ya karatasi katika mabohari yetu na yale ya Shimanzi. Mnada wa chai ulihamishwa kutoka Nairobi na kuletwa Mombasa mwaka 1969, na hadi leo chai ya Kenya, ya Uganda, ya Rwanda na ya nchi nyingine jirani huuzwa hapa kila wiki kabla ya kupakiwa melini kwenda Pakistan, Misri na kwengineko. Hivyo basi chai ni jirani yetu. Lakini ni wangapi miongoni mwetu, kina mama tunaoteleka birika kila alfajiri, tuliokwisha kuuona mchai shambani?

Likizo ya Agosti iliyopita tulikwenda Kericho, mimi na mume wangu, mavyaa wangu na watoto wawili. Treni ya Miritini ilitufikisha Nairobi, na kutoka hapo tukachukua matatu kupitia Nakuru na Londiani. Njia ni ndefu, na mwenye mzee hana budi kulala Nairobi au Nakuru njiani. Sala tulizikusanya na kuzipunguza kama ilivyo ruhusa ya msafiri. Kibla hakikutusumbua: huko pia ni kaskazini kama kwetu, ila chaegemea mashariki kidogo.

Ukishaipita Londiani, rangi ya dunia hubadilika. Vilima vyote vimevikwa kijani kimoja, kilichokatwa sawasawa kana kwamba kimepitishiwa mkasi wa fundi cherehani. Mji uko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari. Asubuhi jua ni la upole, na baada ya adhuhuri mawingu hukusanyika na mvua ikanyesha, mara nyingine mvua ya mawe. Watoto wetu waliiokota barafu ile uani wakaitia vikombeni. Mavyaa alivaa sweta mbili chini ya buibui na bado akadai moto.

Mchai ukiachwa huwa mti mrefu. Hupogolewa ili ubaki kimo cha kiuno, mchumaji aufikie. Kinachochumwa ni majani mawili machanga na kichipukizi kilicho kati yake, na baada ya wiki moja au mbili mche uleule huwa tayari tena. Tuliruhusiwa kuingia kiwanda kimoja. Majani hunyaushwa kwa upepo, husagwa, huachwa hewani mpaka yageuke kutoka kijani kuwa rangi ya shaba, kisha hukaushwa kwa joto la moto wa kuni za mikaratusi. Harufu ya chumba kile cha kugeuza rangi sijui niifananishe na nini. Mavyaa alisema ni kama tufaha lililokatwa, na sina bora zaidi ya hilo.

Uzuri huo una historia, na msafiri asiyeijua atakuwa ameona nusu. Mashamba makubwa yalipandwa na makampuni ya Kiingereza kuanzia miaka ya 1920, katika ardhi ambayo Wakipsigis waliondolewa. Ukoo wa Talai, uliokuwa na viongozi wao wa dini, ulihamishwa wote kwa sheria ya mwaka 1934 na kupelekwa Gwassi, karibu na Ziwa Viktoria, mahali pa joto, malale na malaria. Mwaka 2021 wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliitaka Uingereza iwajibike, na wazao wao wangali wanadai. Sisi wa Likoni na Kisauni, tuliokulia tukilisikia neno skwota, hatuhitaji kufasiriwa jambo hili.

Si chai yote iliyo ya makampuni. Tangu miaka ya 1960 wakulima wadogo wamekuwa wakipanda vishamba vyao na kupeleka majani katika viwanda vinavyosimamiwa na KTDA. Kando ya barabara utawaona, wengi wao wanawake, wakiwa na vikapu mgongoni wakingoja mizani.

Kwenye ukingo wa shamba moja kubwa tulisimama kumsalimu mama mmoja mchumaji. Mume wangu alikuwa amejifunza kusema “Chamgei”, naye akacheka akaitikia. Alituonyesha shamba la tambarare lililo chini yetu. Huko, alisema, siku hizi hupita mashine. Mikono imebakiziwa miteremko ambayo mashine haiwezi kupanda. Analipwa kwa kilo, na zamu zimepungua. Mei 2023 vijana wa huku walizichoma mashine hizo moto, na damu ikamwagika. Makampuni yanasema gharama zimewazidi, na mimi si mwanauchumi wa kuwapinga. Lakini mama yule alikuwa amesomesha watoto watatu kwa vidole vyake, na wa nne yuko kidato cha pili.

Aliposikia tumetoka Mombasa, alimgeukia mavyaa kwa heshima akamwuliza, “Mama, kule mnadani kilo huuzwa bei gani?” Mavyaa ameishi Changamwe miaka arubaini, jirani na mabohari. Hakuwa na jibu. Sisi sote hatukuwa nalo.

Kwa atakayependa kwenda: Desemba hadi Februari mvua ni chache zaidi. Msikiti uko mjini, na hoteli za Waislamu zipo, ila uliza kabla ya kuagiza nyama. Onjeni mursik, maziwa ya mgando ya kibuyu yenye majivu ya mkaa. Watoto watakataa, wakubwa wataongeza. Nunueni chai hukohuko. Na mkitaka kuwapiga picha wachumaji, ombeni kwanza. Mama yule alikataa, akajifunika uso kwa leso, nasi tukaitia simu mfukoni.