Mkono wa Kushoto

Asubuhi ya Juni 26, 2009, redio ya mwalimu wa zamu ilitangaza kwamba usiku huo, huko New York, Memphis Grizzlies walikuwa wamemchagua kijana wa Dar es Salaam, Hasheem Thabeet. Kati ya wachezaji wapya wote wa NBA mwaka ule alikuwa wa pili, nyuma ya Blake Griffin. James Harden na Stephen Curry walifuata baada yake. Nilikuwa kidato cha tatu, Musoma. Kabla ya saa nne ya chai, shule nzima ilikuwa inaniita Hasheem.

Sababu ilikuwa urefu tu. Kocha alinipanga chini ya kikapu na kuwaambia wenzangu wanitupie mpira juu. "Wewe usidunde," aliniambia, "utanyang'anywa." Nikatii. Tukazifunga shule za Bunda, tukazifunga za Tarime, nikaenda UMISSETA na timu ya mkoa. Nikipita Nyasho, watu waliniuliza naondoka lini.

Nilipomaliza kidato cha sita nilikwenda Dar es Salaam kujaribu bahati katika klabu moja. Tulijipanga mstari vijana wanane, na watano walinizidi urefu. Kocha akanipa mpira niupandishe kwa mkono wa kushoto. Hatua ya tatu ukanigonga mguu, ukatoka nje. Hakunifokea. Aliniuliza tu nimecheza miaka mingapi. Nikasema minne, na hapo ndipo nilipoona aibu.

Basi la kurudi lilipopita Lamadi, nilikuwa namfikiria Thabeet. Februari 2010, msimu wake wa kwanza haujaisha, Memphis walimpeleka ligi ya chini. Kabla yake hakuna aliyechaguliwa juu kiasi kile aliyewahi kushushwa. Mtaani walimcheka. Lakini yule alianza mchezo akiwa na miaka kama kumi na mitano, na urefu wake ulifika kabla ya mengine. Mimi nilimwelewa.

Sasa ni mimi ninayefundisha watoto, jioni, kwenye kiwanja cha saruji hapa Musoma. Mwaka jana alikuja mvulana wa miaka kumi na minne, ananipita kichwa. Nikampa kazi ya kupandisha mpira. Alinyang'anywa mara nyingi mno, tukafungwa mechi tatu mfululizo.

Mama yake, muuza dagaa wa Mwigobero, akanifuata.

"Mwalimu, watu wanasema unampoteza mtoto. Mrefu hivi unamweka mbali na kikapu?"

"Mama, urefu anao tayari. Nataka awe na kingine."

"Akiwa nacho, atafika Marekani?"

Ningeweza kusema Mungu akipenda. Ndivyo walivyomjibu mama yangu.

"Sijui, mama. Wengi hawafiki."

Akakaza kanga yake kiunoni. "Basi mwambie na yeye. Mimi kila siku ananiambia atanijengea nyumba."

Nikamwambia jioni ile ile. Alinisikiliza akiangalia viatu vyake, kisha akaondoka bila kuaga.

Siku tatu hakuja. Usiku nilijiuliza kama kocha wangu alinidanganya kwa huruma, na kama mimi nilikuwa mkatili tu mwenye sababu nzuri.

Siku ya nne alichelewa, wala hakuniamkia. Aliokota mpira, akaanza kudunda kwa kushoto. Ukamgonga mguu, ukatoka nje.

Akaufuata.